Kuendesha Kijiko cha Cheni kwa Usalama: Mwongozo wa Opereta Anayeanza

Kila mara kazi mpya ya ujenzi inapofunguliwa, vijana waliotoka chuoni na wale waliopanda kutoka kazi ya utingo huja na maswali yale yale: leva ipi hufanya nini, kwa nini mtambo umerudi nyuma ilhali nimekanyaga pedali mbele, cheni zielekee wapi ninapochimba mtaro, na nifanye nini bumu, yaani boriti kubwa ya chuma inayotoka mbele ya kebini, likigusa waya wa umeme. Mwongozo huu unayajibu kwa pamoja. Unahusu eskaveta ya cheni ya tani 20 hadi 22, ule mtambo ambao Watanzania wengi huuita kijiko, kwa kuwa ndio unaokutwa zaidi kwenye barabara, misingi ya majengo na mitaro ya mabomba. Mtambo mdogo wa tani 5 na ule mkubwa wa mgodini hufuata kanuni zizo hizo, lakini vipimo vyake ni tofauti, na panapotokea hitilafu kati ya maelezo haya na kitabu cha mtambo wako, fuata kitabu.

Anayeanza huhangaika sana na leva, na mimi pia nilihangaika nazo, lakini leva huzoeleka ndani ya wiki chache. Ajali za saiti hutokana zaidi na vitu ambavyo opereta hakuviona: mtu aliyesimama nyuma ya mkia, waya uliopita juu, kebo iliyolala chini, ukingo uliolegea baada ya mvua. Ndiyo sababu hatua nyingi zilizo hapa zinahusu kutazama kuliko kuchimba.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mafunzo na cheti. Kwa Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni miongoni mwa wanaofundisha uendeshaji wa mitambo. Kwa Kenya, vyeti vya ufundi vinavyotambulika ni pamoja na vile vinavyotolewa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA nchini Tanzania, inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wafanyakazi wake, kwa hiyo kukataa kupanda mtambo usioujua ni haki yako, si ukaidi.
- Kitabu cha mtambo, kikiwa ndani ya kebini, pamoja na jedwali la uzito unaoruhusiwa kunyanyuliwa.
- Kofia ngumu, buti za usalama, kizibao cha kuakisi mwanga na glovu. Ukifunga nyundo ya kuvunjia mwamba, ongeza miwani na vizibo vya masikio.
- Mpiga ishara mmoja anayejulikana kwa jina na kwa rangi ya kizibao. Wakiwa wawili wanaopunga mikono kwa wakati mmoja, huna mpiga ishara.
- Michoro ya vilivyofukiwa ardhini: mabomba ya maji, kebo za umeme na nyaya za mawasiliano.
- Koni, utepe au uzio wa kuzuia watu, kizimamoto kilichojaa na sanduku la huduma ya kwanza.
- Grisi na pampu yake, matambaa, na kipande cha boksi gumu ambacho matumizi yake yataelezwa katika hatua ya 2.

Sehemu tatu za mtambo za kuzijua kabla ya leva

Ya kwanza ni sproketi, yaani gurudumu lenye meno linalovuta cheni. Mtambo wa kawaida una sproketi mbili, moja kila upande, na zote ziko upande ambao ndio nyuma ya gari la chini, yaani ile sehemu yenye cheni inayobeba kebini. Kebini huzunguka duara zima juu ya gari hilo, kwa hiyo wewe unaweza kutazama kaskazini huku mtambo wenyewe ukiwa unatazama kusini. Jizoeze kujiuliza sproketi iko wapi kabla ya kila mwendo; swali hilo litarudi mara nyingi hapa chini.

Ya pili ni mkia, ule uzito mkubwa wa chuma ulio nyuma ya kebini unaosawazisha bumu na mzigo. Unapozungusha bumu kushoto, mkia unakwenda kulia, na katika mitambo mingi unatokeza nje ya upana wa cheni.

Ya tatu ni leva ya kufungia, mara nyingi nyekundu, iliyo kushoto kwa kiti upande wa mlango. Ikiwa kwenye alama ya kufuli, leva nyingine zote hazifanyi kitu hata injini ikinguruma. Kabla ya kuinuka kitini, kufungua mlango ili uzungumze na mtu, au kuinama kuokota simu iliyoanguka, ifunge kwanza. Kiwiko kinachogusa leva bila kukusudia kinatosha kuzungusha tani kadhaa za chuma.

Hatua ya 1. Tembea saiti kwa miguu

Kabla ya kupanda, pita kwa miguu eneo lote utakalochimba na njia utakayopita. Tazama juu uone waya, tazama chini uone vifuniko vya chemba, nguzo za alama, nyufa na maji yaliyotuama. Muulize msimamizi ni mabomba na kebo zipi zimepita hapo, naye awe amewauliza wenyewe: mamlaka ya maji ya eneo hilo, TANESCO (shirika la umeme), kampuni za simu, na kwa maeneo ya Mtwara, Lindi, Pwani na Dar es Salaam, TPDC (shirika la mafuta na gesi) pia, kwa sababu bomba la gesi asilia limepita huko.

Usiuamini mchoro peke yake. Mabomba mengi ya mitaani yalilazwa bila kipimo kilichoandikwa, na mengine yamehamishwa na wananchi wenyewe. Chimbeni mashimo ya majaribio kwa sururu na koleo, taratibu, kuvuka mstari ambao bomba linadhaniwa kupita, mpaka mlione kwa macho. Ukikuta mkanda wa plastiki wenye rangi kali au mstari wa matofali ndani ya udongo ambao haukutegemea kuwa na matofali, simamisha kazi, kwa maana hizo ni alama zilizowekwa makusudi juu ya kebo.

Hatua ya 2. Kagua mtambo ukiwa umezimwa

Zunguka mtambo mzima ukianzia mlangoni na kuishia mlangoni. Pima oili ya injini mtambo ukiwa sehemu tambarare. Tazama maji ya rejeta kwenye chupa yake ya pembeni. Kiasi cha oili ya haidroliki, ile inayosukuma bumu na baketi, kisome kwenye kioo chake mtambo ukiwa katika mkao ulioonyeshwa kwenye stika, kwa sababu silinda zikiwa zimenyooshwa au zimerudi ndani, kipimo hubadilika. Fungua koki ya kitenganishi cha dizeli umwage maji yaliyojikusanya chini. Kagua cheni kama zina boliti zilizolegea, rola kama zinavuja, meno ya baketi (ile ndoo ya kuchimbia) kama yako yote na pini zake, kisha vioo na kamera kama ni safi. Maliza kwa kupaka grisi pini za baketi, mkono (kipande kilicho kati ya bumu na baketi) na bumu.

Onyo la hosi, yaani mipira inayopitisha oili. Oili ya haidroliki husukumwa kwa shinikizo kubwa mno, na tundu dogo kama la sindano hurusha uzi wa oili usioonekana unaoweza kupenya glovu na ngozi. Usipapase hosi kwa mkono kutafuta mvujo. Pitisha kile kipande cha boksi kandokando yake na utazame kitakapolowa. Mtu akipenywa na oili apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na haliumi, na daktari aambiwe wazi kuwa ni oili ya haidroliki, kwa sababu madhara ya ndani hukua kwa saa chache na kidonda cha nje hakitayaonyesha.

Onyo la cheni. Cheni hukazwa kwa grisi iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Anayetaka kuilegeza asifungue plagi yake zaidi ya mzunguko mmoja na asiweke uso mbele yake, kwa kuwa plagi inaweza kufyatuka kama risasi. Mpaka fundi akuonyeshe kwa mikono yake, kazi hiyo mwachie yeye.

Hatua ya 3. Panda, kaa, funga mkanda

Panda ukitazama mtambo, mikono miwili na mguu mmoja au miguu miwili na mkono mmoja vikiwa vimeshika muda wote. Usiruke wakati wa kushuka, na usishike leva kama mshikio. Futa matope kwenye buti, rekebisha kiti mpaka pedali zifikike bila kujinyoosha, panga vioo, kisha funga mkanda.

Wengi hawafungi mkanda wakidai kuwa kijiko hakikimbii. Ni kweli hakikimbii, lakini kinapinduka, na opereta anayejaribu kuruka nje wakati kinalala ubavu huishia chini ya kebini aliyokuwa akiikimbia. Mtambo ukianza kulala, shikilia kiti na ubaki ndani.

Hatua ya 4. Washa na uupashe joto

Hakikisha leva ya kufungia iko kwenye kufuli na hakuna aliyelala au kukaa chini ya mtambo. Saa za mchana kivuli cha kijiko huvutia watu wengi. Piga honi, subiri kidogo, ndipo uwashe ukiwa umekaa kitini. Usiwashe kamwe kwa kugusanisha nyaya za stata ukiwa umesimama juu ya cheni.

Acha injini iungurume polepole kwa dakika 5 hivi, kisha fungua kufuli na uchezeshe bumu, mkono na baketi taratibu mpaka oili ipate joto. Pwani dakika hizo zinatosha. Njombe au Makete katika asubuhi za Juni na Julai, ongeza muda, kwa sababu oili nzito husababisha mtambo uitikie kwa kuchelewa, na opereta asiyejua huongeza nguvu ya leva halafu mwitiko wote huja kwa mkupuo.

Hatua ya 5. Thibitisha mpangilio wa leva

Mpangilio unaokutwa zaidi ni huu: leva ya kushoto ukiipeleka kushoto au kulia inazungusha kebini, ukiisukuma mbele mkono unanyooka, ukiivuta unakuja kwako. Leva ya kulia ukiivuta bumu linapanda, ukiisukuma linashuka, ukiipeleka kushoto baketi inajikunja, ukiipeleka kulia inafunguka na kumwaga.

Upo mpangilio mwingine ambamo bumu linaongozwa na leva ya kushoto na mkono kwa leva ya kulia, na mitambo mingi ina vali ya kubadilisha kati ya mipangilio hiyo miwili. Mitambo inayoletwa ikiwa imekwisha kutumika nje ya nchi huja katika hali yoyote, na opereta wa zamu ya usiku anaweza kuwa ameibadilisha. Soma stika, kisha jaribu kila mwendo taratibu sehemu ya wazi ambapo hakuna mtu karibu. Jaribio hilo halimalizi hata dakika mbili.

Hatua ya 6. Tembeza mtambo

Tafuta sproketi. Zikiwa nyuma yako, pedali mbele ni mwendo wa mbele. Zikiwa mbele yako, kila kitu kimegeuka: pedali mbele inakurudisha nyuma, na kona ya kushoto inakuwa ya kulia. Siku yangu ya pili kazini niligeuza kebini kumwaga udongo, nikasahau, nikakanyaga pedali ili nisogee mbele, na rundo la tofali za watu likawa kifusi. Tofali hulipwa. Kama pale angekuwapo fundi mwashi, nisingekuwa na la kulipa.

Piga honi kabla ya kuondoka. Beba baketi ikiwa imekunjwa, sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, ili usizuiwe kuona na ili uweze kuishusha haraka. Swichi yenye picha ya kobe na sungura iache kwenye kobe mpaka uwe kwenye njia ndefu, ngumu na tupu.

Kwenye mteremko, panda au shuka moja kwa moja. Usikate kando na usigeuze njiani. Usizungushe kebini kuelekea bondeni baketi ikiwa imejaa, kwa maana uzito wa mzigo huongezeka kwenye uzito wa mteremko na mtambo hunyanyuka upande wa juu. Ukianza kuteleza, shusha baketi mara moja ikamate ardhi.

Kwenye maji, kina kisivuke katikati ya rola za juu zinazobeba cheni, na kabla ya kuingia pima sakafu ya mto kwa baketi, kwa kuwa mto wenye mchanga laini hubadilika baada ya kila mvua. Udongo mweusi wa mbuga nao una tabia yake: wakati wa kiangazi hubeba kijiko bila shida, lakini mvua za masika zikiulowesha, humeza cheni mpaka tumboni. Tandika magogo au kifusi cha mawe kabla ya kuingia.

Hatua ya 7. Zuia eneo la mzunguko

Pima nafasi kati ya mkia na kitu chochote kisichosogea, iwe ukuta, nguzo au tipa iliyoegeshwa. Nafasi hiyo isipungue nusu mita, na ikiwa mtu anaweza kupita hapo, izibe kwa uzio. Watu wengi huchagua kupita nyuma ya kijiko kwa sababu mbele wanaliona bumu likitisha, kumbe mbele ndiko opereta anakowaona.

Upande wa kulia ni kipofu kwa sababu bumu linaziba, na nyuma ni kipofu zaidi. Kubalianeni mapema kwamba mtu yeyote anayetaka kukaribia asimame mbali, akutazame machoni, ainue mkono, na asisogee mpaka uweke baketi chini, ufunge leva na umpungie. Kubalianeni pia kwamba ishara ya kusimama inaweza kutolewa na yeyote, hata mama anayeuza uji pembeni ya saiti, na opereta ataitii bila kuuliza. Mpiga ishara akipotea machoni pako, simama mpaka umwone tena.

Hatua ya 8. Chimba

Sawazisha kwanza pale utakaposimama. Mtambo uliolala hata kidogo huzungushwa kwa taabu na huelekea kujipindua wenyewe. Weka sproketi nyuma na uchimbe kwa mbele, kwa kuwa mtambo ni imara zaidi mbele na nyuma kuliko ubavuni, na motaa za mwendo zinakuwa mbali na mawe yanayoanguka.

Kata udongo kwa tabaka, si kwa shimo. Shusha meno yaingie kiasi, vuta kwa mkono huku ukikunja baketi polepole, na inua bumu pale tu baketi imejaa. Nguvu kubwa ya mkono hupatikana unapokaribia kufanya pembe ya nyuzi 90 na bumu. Ukichimba ukiwa umenyoosha kila kitu, unachoma dizeli bure. Usifikishe silinda mwisho kabisa wa urefu wake kwa kishindo.

Makosa manne yanajirudia kwa kila anayeanza. La kwanza ni kufagia udongo au kubomoa ukuta kwa kuzungusha kebini, jambo linaloharibu mkono na meno ya gia ya mzunguko. La pili ni kusukuma cheni ili mwendo wa mtambo uchimbe badala ya baketi. La tatu ni kupigapiga mwamba kwa baketi kama nyundo. La nne, na hili ndilo la hatari, ni kuchimba chini ya cheni zako mwenyewe ili upate kina zaidi. Mtambo wa tani 20 hufika mita 6 na zaidi chini ya usawa wake, lakini udongo unaoubeba ni ule ule unaouondoa.

Hatua ya 9. Heshimu ukingo wa mtaro

Unapochimba karibu na ukingo, elekeza cheni moja kwa moja kwenye ukingo, sproketi zikiwa nyuma, ili ardhi ikianza kukatika uweze kurudi papo hapo bila kugeuza chochote. Opereta aliyesimamisha cheni sambamba na ukingo ana mlango mmoja tu wa kutokea, nao unaelekea shimoni. Kuna kazi zinazolazimisha kukaa sambamba, kama kusafisha mfereji, na hapo umbali kutoka ukingoni uongezwe kulingana na kina na udongo.

Udongo uliochimbwa uwekwe mbali na mdomo wa mtaro. Sentimita 60 ndicho kipimo cha chini kinachotajwa sana. Mimi huweka mita nzima, na wakati wa mvua zaidi ya hapo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hadi mbili, yaani zaidi ya gari dogo la abiria, na mtaro ukibomoka hauangushi mita moja tu.

Mtu asiingie kwenye mtaro unaozidi mita 1.5 bila kuta kuegemezwa kwa mbao au chuma, au kulazwa kwa mteremko, na ngazi iwepo karibu naye. Hata mtaro mfupi kuliko huo humfukia mtu aliyeinama kuunganisha bomba. Akiwa ndani, wewe huchimbi mbele yake wala hupitishi baketi juu yake. Mchirizi wa maji ukionekana ukutani au nyufa zikijitokeza juu sambamba na mtaro, mtoe kwanza, mjadiliane baadaye.

Hatua ya 10. Pakia tipa

Simamisha kijiko juu ya tuta lenye kimo kinachokaribia kimo cha bodi ya tipa, ili uone ndani yake. Tipa ikae upande wa kushoto wako, upande ulipo kiti, na mzunguko wa kutoka shimoni hadi bodi uwe mfupi iwezekanavyo. Pitisha baketi nyuma au ubavuni mwa tipa, kamwe si juu ya kichwa chake. Dereva ama abaki ndani milango ikiwa imefungwa, ama asimame mahali mlipokubaliana ambapo unamwona. Asizunguke akifunga turubai wakati unamwaga. Baketi ya kwanza iwe udongo laini, mawe yafuate juu yake. Mkubaliane pia honi ngapi zinamaanisha sogea na ngapi zinamaanisha ondoka, kwa sababu kila saiti ina lugha yake.

Hatua ya 11. Kaa mbali na umeme

Bumu la mtambo wa tani 20 hufika zaidi ya mita 9 kwenda juu, kwa hiyo waya za mitaani za volti 400, na zile za kilovolti 11 na 33 zilizo kwenye nguzo za mbao, unaweza kuzifikia bila hata kukusudia. Vitabu vingi vya mitambo hutaja mita 3 kama umbali wa chini kwa njia za kiwango hicho, na zaidi kwa njia kubwa za minara. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mita 10 kutoka waya wowote, na kazi iliyo karibu zaidi ya hapo isianze mpaka TANESCO wazime au wahamishe njia na mpate uthibitisho wao. Umeme wa msongo mkubwa huweza kuruka hewani kabla chuma hakijaugusa waya.

Ikitokea umegusa:

a) Baki kitini. Usiguse mlango wala kuweka mguu nje.
b) Wapigie kelele walio nje wakae mbali, mita 10 au zaidi, wala asije mtu kukuokoa.
c) Kama unaweza, shusha au zungusha bumu liachane na waya.
d) Subiri umeme uzimwe na wenye mamlaka wakuambie ushuke.
e) Moto ukiwaka na ukalazimika kutoka, ruka mbali, miguu ikiwa pamoja, usiguse mtambo na ardhi kwa wakati mmoja, kisha ondoka kwa kuburuza nyayo zikiwa zimegusana bila kupiga hatua. Ardhi yenyewe inaweza kuwa na umeme, na miguu iliyoachana huupa njia ya kupita mwilini.

Hatua ya 12. Kunyanyua mizigo

Kijiko si kreni, ingawa kwenye kulaza makalavati hutumika hivyo kila siku. Ukilazimika, tumia ndoano au kishikio kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, si mnyororo ulioning'inizwa kwenye meno ya baketi, ambako huteleza. Soma jedwali: uzito unaoruhusiwa hupungua mkono unavyonyooka, na hupungua tena unapogeukia ubavuni, hivyo mzigo ulionyanyuliwa salama kwa mbele unaweza kukupindua baada ya kuzungusha. Mzigo uongozwe kwa kamba na watu walio mbali nao. Kubeba mtu kwenye baketi, hata kwa mita mbili, kumekatazwa.

Hatua ya 13. Egesha na uzime

Egesha sehemu tambarare na ngumu, mbali na ukingo na mkondo wa maji. Laza baketi chini, punguza injini iungurume polepole dakika 3 hadi 5 ili tabo (turbo ya injini) ipoe, zima, chezesha leva kutoa shinikizo lililobaki, funga leva ya kufungia, ondoa ufunguo. Jaza dizeli jioni badala ya asubuhi, ili tangi tupu lisikusanye unyevu wa usiku.

Mtambo ukileta shida

Hauwaki. Tazama kama leva ya kufungia iko kwenye kufuli, kwani mitambo mingi haikubali kuwaka ikiwa wazi. Kisha vichwa vya betri, pale nyaya zinapofungwa, ambavyo kutu yake ni nyeupe na husafishwa kwa maji ya moto na brashi.

Unawaka, lakini leva hazifanyi kitu. Leva ya kufungia bado imefungwa, au swichi yake imejaa matope. Hili ndilo huniletea simu nyingi kuliko yote.

Injini inachemka. Mara nyingi ni vumbi na majani vilivyoziba matundu ya rejeta. Punguza mwendo wa injini, usizime ghafla, kisha pulizia hewa kutoka ndani kwenda nje ikishapoa. Kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi kwa sababu yoyote.

Nguvu inapotea mzigo ukiongezeka. Filta ya dizeli imeziba au kuna maji kwenye mafuta, na kama ni kiangazi, kagua filta ya hewa pia.

Mtambo unavuta upande mmoja. Linganisha ukazaji wa cheni mbili na utazame kama kuna jiwe lililokwama kwenye sproketi. Vikiwa sawa, tatizo liko kwenye motaa ya mwendo, nalo ni la fundi.

Bumu linashuka lenyewe. Sili za silinda au vali zinapitisha oili. Usikae wala kufanya kazi chini yake, na mtambo usinyanyue mzigo mpaka utengenezwe.

Cheni imetoka. Simama pale pale. Kila mita unayojaribu kusogea huiharibu zaidi, na kuirudisha kunahitaji kulegeza ile grisi iliyotajwa katika hatua ya 2.

Mtambo umezama kwenye matope. Ukizama upande mmoja, geuza kebini upande huo, kandamiza chini kwa tumbo la baketi, si kwa meno, mpaka cheni inyanyuke, weka magogo chini yake, na utoke polepole. Zikizama zote mbili, chomeka baketi mbele, vuta kwa mkono huku ukitembeza cheni kwa mwendo wa kobe. Ukishindwa mara ya pili, acha, maana unaendelea kujichimbia, na uite mtambo mwingine wenye waya wa chuma uliofungwa kwenye fremu ya gari la chini. Waya huo usifungwe kwenye matundu madogo ya kufungia mizigo myepesi, na watu wote wasogee mbali zaidi ya urefu wake kabla haujakazwa.